Wanubi: askari wa Sudani waliogeuka kabila

Utangulizi

Ndugu msomaji, ukiona neno Sudani katika kitabu cha mila kinachotoka huku Goma, unaweza kuuliza: juu ya nini? Kutoka Himbi mpaka Khartoum ni mbali sana. Watoto wetu wa shule wanaisikia Sudani katika redio tu, kuna vita, kuna njaa, basi. Lakini historia haifuati ramani ya leo. Kuna kabila moja la Afrika Mashariki, lenye watu wake Uganda, Kenya, Sudani ya Kusini na hata kwetu Ituri, ambalo miaka mia mbili iliyopita halikuwepo kabisa. Watu hawa wanaitwa Wanubi. Walizaliwa katika jeshi, na mahali pamoja pa kuzaliwa kwao ni Kavalli, katika udongo wa Kongo ya leo.

Tunaandika juu yao kwa sababu mbili. Ya kwanza, tumezoea kusema kwamba mila ni kitu cha mababu kisicho na mwanzo. Wanubi wanatuonyesha mila zinazozaliwa mbele ya macho, tena kwa tarehe. Sababu ya pili inatugusa sisi watu wa Kivu: ni lile swali la nani ni wa hapa na nani ni wa kuja.

1. Jeshi la watu waliotekwa

Mwaka 1820 Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alituma jeshi kusini kuiteka Sudani. Alitafuta vitu viwili: dhahabu na watu. Dhahabu haikuonekana kwa wingi. Watu ndio walipatikana. Vijana walitekwa vijijini, wakapewa bunduki, majina ya Kiislamu na Kiarabu cha kambini. Askari wa namna hiyo hakuwa na kwao pengine isipokuwa kambi. Mke alimpata kambini, watoto walizaliwa kambini, na mtoto wa kiume akikua aliingia jeshini sawa na baba yake.

Jeshi hilo lilipanda mto Nile kidogo kidogo. Mwaka 1871 Mwingereza Samuel Baker alifika Gondokoro, karibu na Juba ya leo, akaitangaza nchi hiyo kuwa mali ya Misri. Likawa jimbo la Ekwatoria. Kisha yake akaja Charles Gordon mwaka 1874, na mwaka 1878 akawekwa Emin Pasha, daktari Mjerumani ambaye jina lake la kuzaliwa ni Eduard Schnitzer.

Sasa tuangalie vizuri: askari wa Emin walikuwa watu gani? Maofisa wachache walitoka Misri na Khartoum. Lakini wengi walikuwa Wabari, Wadinka, Wamoru, Wamakaraka, Wakakwa, Walugbara na wengine. Jimbo la Emin lilifika mpaka kwa Wamangbetu, katika Uele yetu. Wakakwa na Walugbara wapo hata leo katika teritwari ya Aru. Kwa hiyo Wazungu waliposema «Wasudani», hawakutaja kabila. Walitaja kazi. Msudani maana yake ilikuwa mtu mweusi aliyevaa nguo ya jeshi la Misri. Na kati ya hao «Wasudani» walikuwemo watu ambao leo tungewaita Wakongomani.

2. Kavalli

Mwaka 1881 Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi, akaanza vita ya kuwafukuza Wamisri. Tarehe 26 Januari 1885 Khartoum ilianguka na Gordon akauawa. Njia ya Nile ikafungwa. Emin na watu wake wakabaki kusini peke yao, bila mishahara, bila risasi mpya, bila nguo. Walilima pamba na kufuma nguo wenyewe.

Huko Ulaya watu walipiga kelele kwamba Emin lazima aokolewe. Akatumwa Stanley. Badala ya kupita pwani ya mashariki alipanda mto Kongo, akavuka msitu wa Ituri, ambamo wapagazi wake wengi walikufa kwa njaa na magonjwa, na mwezi wa Desemba 1887 akafika Ziwa Albert. Alikutana na Emin mwezi wa Aprili 1888.

Wengi wanasoma habari hii kama habari ya Stanley na Emin. Sisi tuwaangalie askari. Walipoambiwa kwamba watapelekwa Misri kwa kupita Zanzibar, wengi hawakukubali. Walivyojua wao, njia ya kwenda Misri ni Nile, inaelekea kaskazini. Hawa Wazungu wanatupeleka kusini, watatuuza! Mwezi wa Agosti 1888 walimfunga Emin huko Dufile. Baadaye walimwachilia, na Aprili 1889 Stanley aliondoka naye kutoka Kavalli, juu ya mlima, upande wa kusini-magharibi wa Ziwa Albert, si mbali na Bunia ya leo. Msafara ulipita Semliki, chini ya Rwenzori, ukafika Bagamoyo Desemba 1889. Askari wengi na jamaa zao walibaki nyuma. Mkubwa wao alikuwa Selim Bey.

Miaka miwili wale watu walikaa Kavalli na vijiji vya pembeni. Emin mwenyewe alirudi mwaka 1891, safari hii kwa upande wa Wajerumani, akawaita wamfuate. Wengi walikataa. Emin akaendelea katika msitu wa Kongo, na Oktoba 1892 aliuawa humo.

Mwezi wa Septemba 1891 alifika Kavalli kapiteni Mwingereza, Frederick Lugard. Alitafuta askari wa kulinda mali ya kampuni ya Waingereza katika Uganda. Selim Bey alimwambia kwamba yeye na watu wake ni askari wa Khedive, mtawala wa Misri, na kwamba bila ruhusa yake hawawezi kumtumikia mwingine. Kumbuka, ndugu msomaji: miaka sita na zaidi hawajalipwa, serikali yao imeanguka, na bado mtu huyo anasema bendera yangu ni ile. Walikubaliana kwamba wataenda na Lugard wakati jibu la Khedive likingojewa. Msafara ulioondoka Kavalli ulikuwa na askari wapata 600. Lakini pamoja na wake, watoto na watumishi, watu walipita 8,000. Hiyo haikuwa batailoni tu. Ilikuwa mji unaotembea.

Lugard aliwaweka wengi wao katika ngome za Toro, upande wa pili wa Rwenzori, kumlinda mfalme Kasagama asishambuliwe na Kabalega wa Bunyoro. Mishahara haikuwepo, na chakula hawakuletewa. Waliishi kwa kunyang'anya mashamba ya wanakijiji. Hapo tusifiche: kwa Watoro, Mnubi wa kwanza alikuwa mwizi mwenye bunduki. Selim Bey mwenyewe alishukiwa na Waingereza mwaka 1893 kwamba anapanga uasi pamoja na Waislamu wa Buganda. Alikamatwa, akafa njiani akipelekwa pwani.

3. Mwaka 1897: uasi wa pande mbili

Mwaka 1897 ni mwaka ambao historia yao na yetu zinakwenda sambamba. Wakati huo Wafaransa, Waingereza na Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, wote walikuwa wanakimbilia Nile. Leopold alikuwa ameshapewa na Waingereza, kwa mkataba wa 1894, sehemu iliyoitwa Lado. Februari 1897 komanda Chaltin aliwashinda watu wa Mahdi huko Rejaf. Mwezi huo huo jeshi la baron Dhanis, lililokuwa linaelekea huko huko, liliasi mahali paitwapo Ndirfi. Askari wengi walikuwa Watetela. Walikuwa wamechoka na njaa na mwendo usiokwisha, na hawakuwa wamesahau kwamba Leta ilimuua chifu wao Gongo Lutete mwaka 1893. Waasi hao walishuka kusini kupitia Ituri, vita ikafika mpaka sehemu za Kivu na Tanganyika, ikakwisha mwaka 1900 tu.

Upande wa Uganda, Waingereza waliwaambia Wasudani wao waende kaskazini na Major Macdonald, nao wawatangulie Wafaransa. Kompani 3 zilikataa mwezi wa Septemba 1897. Malalamiko yao yalikuwa ya watu wa kawaida: mshahara ni mdogo kuliko wa mpagazi wa pwani, tena unachelewa, tumetoka vitani jana, leo tunatumwa tena, na wake zetu na watoto tunawaacha na nani? Waliteka ngome ya Lubwa, karibu na Jinja, wakaua maofisa Waingereza. Uasi ulizimwa mwaka 1898 kwa msaada wa Waganda na wa askari walioletwa kutoka India.

Kwa hiyo katika mwaka mmoja majeshi mawili, moja la Leopold na moja la Waingereza, yaliasi katika njia ya Nile. Watetela na Wasudani hawakujuana. Lakini uchungu wao ni mmoja: kupigania mto ambao si wao, kwa ajili ya mfalme wasiyemwona.

4. Namna kabila lilivyozaliwa

Kisha ya uasi, Waingereza waliendelea kuwatumia Wasudani waliobaki waaminifu, na mwaka 1902 waliwaingiza katika jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wengi wa Uganda na Kenya walilijua kwa jina la KAR. Askari akistaafu alipewa mahali pa kujenga karibu na kambi. Hivyo zikaota jamii za Bombo kule Uganda na Kibera karibu na Nairobi. Jina Kibera limetoka katika neno lao «Kibra», maana yake msitu.

Sasa waliunganishwa na nini watu hawa wa makabila kumi na zaidi? Kwanza dini: ndoa, jina la mtoto na mazishi vilikwenda kwa Uislamu. Pili lugha: Kinubi. Maneno yake karibu yote ni ya Kiarabu, lakini ujenzi wake si wa Kiarabu. Ni lugha ya kambini iliyorahisishwa na watu ambao kila mmoja alikuwa na lugha ya mama yake, na Kiarabu cha Juba ni ndugu yake. «Ana» ni mimi. «Moyo» ni maji, na hapo msemaji wa Kiswahili lazima acheke kidogo.

Tatu, na hili ndilo watu wanalisahau, ni wanawake. Vitabu vya historia vinataja majina ya maofisa. Lakini askari alikuwa safarini wakati wote. Aliyebaki nyumbani kumfundisha mtoto kusema, kula na kusalimia ni mama. Na mama huyo mara nyingi hakutoka Sudani hata kidogo. Alikuwa Mlendu, Mualur, Mtoro, Mganda, Msoga, aliyeolewa au aliyechukuliwa njiani. Wanawake hao, kila mmoja na asili yake, ndio waliotengeneza yale ambayo leo yanaitwa mila za Wanubi: kitambaa cha gurbaba ambacho wanawake wanajifunga, vifuniko vya chakula vilivyosukwa kwa rangi nyingi, ngoma ya doluka katika arusi. Askari walileta jina la kabila. Wanawake walileta kabila lenyewe.

Na mlango haukufungwa. Kule West Nile, kijana Mkakwa au Mlugbara aliyesilimu, akajua Kinubi, akaishi mjini, aliweza kuhesabiwa Mnubi. Ndio maana Idi Amin, ambaye baba yake alikuwa Mkakwa, alijulikana pia kama Mnubi.

Msomaji wa Goma asistaajabu sana. Kiswahili chetu tunachokisema sokoni Virunga na Birere, je, kilizaliwa hapa? Kilifika na misafara ya wafanyabiashara, kikasukumwa na misheni, makambi na mashirika ya Wabeleji. Leo mtoto wa Himbi anaota ndoto kwa Kiswahili, na hakuna anayemwambia kwamba lugha yake ni ya kuja. Hata Wajerumani waliokaa Gisenyi, hapa jirani, kabla ya vita ya 1914, waliwaita wakubwa wa askari weusi ombasha, shaushi, efendi. Ni vyeo vya jeshi la Misri, walivyovichukua pamoja na Wasudani walioandikwa Kairo na Wissmann mwaka 1889.

5. Karatasi

Kabila likizaliwa bila karatasi, shida inaanza. Huko Kibera Waingereza walitenga eka 4,197 mwaka 1918, karibu hekta 1,700. Lakini mzee Mnubi hakupewa hati ya ardhi. Alipewa cheti cha kumruhusu kukaa na kulima. Mwaka 1933 Tume ya Ardhi ya Kenya iliwaona kuwa wapangaji tu wa serikali. Wakati huo Wakikuyu, Wamasai na wengine walihesabiwa kuwa na ardhi zao za kabila, hata kama ziliibwa kwa sehemu kubwa. Mnubi hakuhesabiwa na ardhi yoyote, kwa sababu aliitwa mgeni. Na ni serikali hiyo hiyo iliyomleta.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 hali haikubadilika sana. Kijana Mnubi akiomba kitambulisho aliitwa mbele ya kamati maalumu, aulizwe alikotoka babu yake. Mwaka 2011 Kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki za mtoto iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila uraia wa hakika. Mwaka 2017 hatimaye jamii yao ilipewa hati ya ardhi Kibera: eka 288. Kutoka 4,197 mpaka 288.

Uganda ilikwenda njia nyingine, yenye machozi yake. Amin alipochukua utawala tarehe 25 Januari 1971, Wanubi walipewa vyeo na biashara. Alipopinduliwa Aprili 1979, kisasi kiliwaangukia hata mama wauza mboga ambao hawakuona cheo chochote. Wengi walikimbilia Sudani na Zaire, kwetu Aru na Uele. Wajukuu wa wale waliotoka Kavalli na Lugard walirudi upande wa Kavalli wakiwa wakimbizi. Lakini katiba ya Uganda ya 1995 iliandika orodha ya makabila yaliyokuwepo nchini tarehe 1 Februari 1926, na Wanubi wamo. Neno moja katika orodha, na mtoto wa Bombo ni Mganda wa kuzaliwa.

6. Na sisi wa Kivu?

Tulipofundisha somo hili darasani mwanafunzi mmoja aliuliza: «Mwalimu, muntu anakuwaka wa hapa kisha myaka ngapi?» Ni swali ambalo watu wazima wa Kivu wameuana kwa ajili yake.

Sheria zetu zimejibu namna nyingi. Ile ya 1972 ilisema watu wa asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950 ni Wazaire. Ile ya 1981 ilirudi nyuma mpaka tarehe 1 Agosti 1885. Ile ya Novemba 2004 inataja makabila yaliyokuwepo nchini wakati wa uhuru, 1960. Mzee amekaa katika nyumba ile ile, anazika katika makaburi yale yale, lakini tarehe ya sheria imehama.

Wala hatusemi kwamba aliyekuwepo mbele hana neno. Kati ya 1937 na 1955 Leta ya Wabeleji ilileta jamaa nyingi kutoka Rwanda na kuziweka Masisi, katika ardhi ya machifu wa Bahunde. Mhunde aliyeona shamba lake linakatwa hakuulizwa kama anakubali. Na yule aliyeletwa naye aliahidiwa mahali pa kukaa, akaamini. Ni kama Kibera: Leta inaleta watu, Leta inaondoka, majirani wanabaki na ugomvi. Wote wawili wana uchungu wa kweli, na aliyeusababisha hayupo tena wa kuulizwa.

Wazee wa Kiswahili walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika methali hiyo mgeni hafukuzwi, wala habaki mgeni siku zote. Anapewa kazi, na kwa kazi anaingia katika hesabu ya nyumba. Ubaya wa historia ya Wanubi ni kwamba walipewa bunduki mahali pa jembe. Mtu anayekuja na bunduki ya mtu mwingine, hata akikaa miaka mia, jirani anamkumbuka kwa bunduki ile. Vijana wetu wa Kivu, ambao kila jeshi linalopita linawaita, wangelifikiri jambo hilo kabla ya kuitika.

Hitimisho

Wanubi hawana kwao pa kurudishwa. Sudani ya Emin haipo tena: Sudani ya Kusini ilijitenga mwaka 2011, na Sudani yenyewe imeingia katika vita mpya tangu Aprili 2023. Tukimwambia mtu wa Kibera arudi kwao, tunamtuma mahali ambapo hapajawahi kuwa kwake. Kwao ni pale mama yake alipomfundisha kusema.

Kwa wasomaji wetu tunaomba mambo mawili madogo. La kwanza, kila jamaa ikae na wazee wake na kuandika: tulifika lini, tulitoka wapi, nani alitupokea, bibi zetu walikuwa wa kabila gani. Tusiogope kukuta kabila la jirani ndani ya damu yetu. Karibu kila jamaa ya Goma italikuta. La pili, watoto waandikishwe kwenye etasivili. Sheria ya jamaa ya Kongo inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa, na wazazi wengi wanaacha siku hizo zipite kwa sababu kwa miaka mingi karata ya elekta ndiyo iliyotumika kama kitambulisho. Mzee Mnubi aliamini cheti cha kambi kingetosha. Watukuu zake wamesimama mbele ya kamati wakiulizwa juu ya babu ambaye hawakumwona. Wa kwetu wasije wakaulizwa hivyo kwa sababu sisi wazazi hatukwenda ofisini.